JOHN HARRISON, SEREMALA ALIYETENGENEZA SAA

Wenzangu wengi, na hata wanafunzi wa zamani wanaotutembelea, hubishana juu ya saa za fahari: ipi bora, ya kwatzi iendayo kwa betri, au ya magurudumu ijitiayo ufunguo kwa mwendo wa mkono? Nawaletea habari za mtu aliyelipima jambo hilo kabla saa hizo mbili hazijakuwako.

John Harrison alizaliwa Uingereza mwaka 1693, katika kijiji cha Foulby. Alikuwa seremala kama baba yake, na kazi ya saa alijifunza mwenyewe. Saa zake za kwanza zilikuwa za mbao.

Siku zile baharia hakuwa na njia ya hakika ya kujua amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Mwaka 1707 merikebu nne za vita za Waingereza zilipotea katika miamba ya Scilly, wakafa watu zaidi ya elfu. Basi mwaka 1714 Bunge likaahidi pauni 20,000 kwa atakayevumbua njia. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Nahodha mwenye saa ya kweli ya bandari alikotoka angeweza kuilinganisha na jua, akajua mahali alipo. Lakini saa ikikosa dakika 4 tu, amepotea digrii nzima, nayo karibu na ikweta ni maili 60 za bahari.

Harrison alitengeneza saa kubwa, uzito kilo 34 hivi, ikajaribiwa mwaka 1736 katika safari ya Lisbon. Ilikwenda vyema, lakini yeye hakuridhika. Ya pili akaiacha. Ya tatu ilimla miaka 19. Kisha akatambua kuwa kitu kidogo kipigacho upesi hakisumbuliwi na mawimbi kama kikubwa kipigacho polepole. Akaihamisha tamaa yake yote katika saa ya nne, upana wake sentimita 13 tu, yenye kupiga mara 5 kila sekunde. Namstahi sana kwa hilo, maana si wengi wawezao kuigeuzia kisogo kazi ya miaka 19. Na kwatzi hushinda kwa sababu iyo hiyo: hutetemeka mara 32,768 kila sekunde, na saa ya magurudumu hupiga mara 8 hivi. Mimi ningependa kuvaa ya magurudumu kwa uzuri wake. Ningekuwa nahodha, ningechukua kwatzi.

Mwaka 1761 mwanawe William aliipeleka saa hiyo Jamaica. Baada ya siku 81, ukitoa kosa lake la kila siku lililokwisha julikana, ilichelewa sekunde 5. Wakuu wa zawadi wakasema huenda ni bahati, ijaribiwe tena. Na wataalamu wa nyota walipendelea kupima mwezi. Njia yao nayo ilifaa, tuseme kweli, ila hesabu zake zilikuwa ndefu mno. Mzee alilipwa nusu mwaka 1765, kwa masharti mazito. Mwisho Mfalme George wa Tatu aliijaribu mwenyewe saa ya tano, na mwaka 1773 Bunge likampa pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80.

Alifariki tarehe 24 Machi 1776. Saa zake nne za kwanza za bahari zimewekwa Greenwich. Zile kubwa tatu zingali zikienda. Ile ndogo iliyozishinda imesimamishwa, isije ikalika.