Burkitt, daktari aliyefuata uvimbe wa taya

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Punde akamwona wa pili.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilometa 16,000 hadi Afrika Kusini, wakizuru hospitali za njiani. Ilibainika kuwa saratani hiyo hufuata joto na mvua. Hukithiri mabondeni na huadimika nyanda za juu kama zile za Tunduma.

Kisu kilishindwa, akageukia dawa, mojawapo ikiwa vinkristini, itokanayo na ua la bustanini lenye asili ya Madagaska. Ndani ya seli zimo protini zinazotembea juu ya nyuzi zikivuta mizigo, mithili ya malori ya Tunduma. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, kromosomu zikakosa njia, seli ya saratani ikafa. Kwa bahati mbaya, mishipa ya fahamu nayo hutegemea nyuzi hizohizo, hivyo mgonjwa hupata ganzi vidoleni.

Burkitt alifariki dunia mwaka 1993, baada ya kuwashuhudia baadhi ya watoto hao wakipona kabisa.