Mwalimu Aliyeacha Utajiri

Twawadai waalimu wajitoe kwa watoto wetu. Basi tumtazame msimamizi wao, Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, aliyezaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika jamaa ya kitajiri. Alipokwisha kupata upadre, aliwakaribisha nyumbani mwake waalimu wa watoto maskini, akawahimiza wamtumaini Mungu, wasiogope ya kesho. Wao wakamjibu kwamba yeye ana urithi na cheo katika kanisa kuu. Shule zikifungwa, hatakosa chakula, bali wao watakosa. Jibu hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1683 alijiuzulu cheo chake, na njaa ilipoingia, akawagawia maskini mali yake, akawa fukara kama waalimu wake. Ndipo maneno yake yalipopata nguvu. Katika kundi lile dogo lilitokea shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, waliowafundisha watoto kusoma kwanza Kifaransa, lugha yao, kabla ya Kilatini. Alifariki Rouen mwaka 1719, na mwaka 1950 Baba Mtakatifu Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa waalimu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwanafunzi humfuata mwalimu anayeshiriki taabu zake. Nasi wazazi tusiwahubirie waalimu sadaka tusiyoitoa wenyewe.