Mahjub bin Adam: askari mtoto aliyeenda kudai chake Berlin

Haya wadau, mwenzenu leo nataka tuongelee karatasi ya jeshi. Mtu akiachishwa jeshi kwa heshima, mafao yapo na mtaani anaitwa mzee wetu. Akitolewa vibaya au akaondoka bila hata cheti, anaweza kuzunguka maofisini mpaka anaingia kaburini, anaomba tu waandike kwamba alitumikia.

Sisi wa Ufipa hadithi hii tunaishi nayo jirani kabisa. Toka Sumbawanga mjini, pita Matai mpaka Kasesya, vuka mpaka, unaingia Mbala ya Zambia. Zamani iliitwa Abercorn. Hapo ndipo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipojisalimisha kwa Waingereza tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na askari weusi zaidi ya 1,100, na wapagazi wengi kuliko hao. Hela ya kuwalipa hakuwa nayo, akawaandikia hati kwamba wanadai. Watu wakarudi makwao na vikaratasi mkononi.

Ninayetaka kumwelezea mimi hakufika Mbala, kwa hiyo hata hicho kikaratasi hakukipata. Ni Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani walikuja kumjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake Msudani, askari wa Mjerumani. Vita ilipoanza 1914 baba akaenda, na mtoto naye akaenda. Miaka kumi jamani! Leo angekuwa darasa la nne. Oktoba 1917 kwenye mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, akajeruhiwa, Waingereza wakamteka.

Baada ya vita akahangaika na vibarua, akapata kazi ya kuhudumia abiria kwenye meli za Wajerumani. Mwaka 1929 akashuka Ulaya na kwenda Berlin na jambo moja kichwani: mshahara wake wa vitani, na wa baba yake pia. Wizara ya mambo ya nje ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa madai umepita. Mimi hapo ndipo naposhindwa kuelewa. Ulimchukua mtoto vitani bila kuuliza umri wake, leo amekuja kudai unamuuliza tarehe!

Hakurudi. Akawa mhudumu kwenye ukumbi mkubwa wa starehe ulioitwa Haus Vaterland, na chuo kikuu cha Berlin akawa anasaidia kufundisha Kiswahili. Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner, siku chache tu kabla Hitler hajashika madaraka. Bahati mbaya ya aina yake.

Mwaka 1934 akaomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele wa vita ya kwanza. Wakamnyima. Akaivaa hivyo hivyo, inaaminika aliinunua dukani, na akawa anatokea na sare ya askari kwenye mikutano ya Wajerumani waliotaka warudishiwe makoloni yao. Sasa hapa kuna watakaosema huyu alikuwa kibaraka, kawatumikia waliowamaliza babu zetu Maji Maji. Kwa ile mikutano simtetei, alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na anajua anachofanya. Ila deni ni deni. Hata kibaraka akifanya kazi analipwa, na yule wa Mahiwa alikuwa mtoto.

Kazi ya Haus Vaterland ikamponyoka 1935. Vita ya pili ilipoanza 1939 akajipeleka mwenyewe kuomba kuingia jeshini, wakamkataa tena. Riziki yake ikawa kwenye filamu, alicheza zaidi ya ishirini, nyingi vipande vidogo vidogo vya mtumishi au mwenyeji wa Afrika. Ya mwisho ilikuwa ya kumsifia Carl Peters, yule yule mkono wa damu, ikatoka 1941.

Mwaka huo huo, Agosti, polisi wa siri wa Hitler wakamkamata. Kosa lake ni uhusiano na mwanamke mzungu. Hakufikishwa mahakamani, akapelekwa moja kwa moja kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin, na huko akafia tarehe 24 Novemba 1944. Ingebaki siku moja ingetimia miaka 26 tangu Mbala.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee kama 350, wenye zile hati za 1918 wakiwa wachache sana. Mhasibu akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride. Hakuna aliyekosea. Mahjub naye angekuwa na miaka 60 tu, ufagio angeushika vizuri.

Mwaka 2007 wakamwekea kijiwe chenye bamba la shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu, Brunnenstraße 193, Berlin, mbele ya nyumba aliyoishi.

Wadau wa Kasanga, Matai na Namanyere, kuna ambaye babu yake aliacha hati ya Mjerumani kwenye sanduku? Tupieni hapo chini.