Waruhiu Itote: Jenerali China, jemadari aliyehesabu risasi moja moja

Mapema Februari 1954, mjini Nyeri, mwanamume wa miaka thelathini na ushei alisimama kizimbani akiwa na jeraha la risasi shingoni ambalo halikuwa limepona. Hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kushirikiana na watu waliobeba silaha na kwa kupatikana na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari. Kwa makosa hayo serikali ya kikoloni ilikuwa na adhabu moja tu, nayo ilikuwa kitanzi.

Mshtakiwa huyo alikuwa Waruhiu Itote, almaarufu Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya. Kabla ya Dedan Kimathi kuwa jina la kutajwa kila mahali, China ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngazi ya juu zaidi wa msituni kuwahi kuanguka mikononi mwa Waingereza akiwa hai. Yaliyomfuata baada ya hukumu hiyo yangali yanazua mabishano miongoni mwa wazee wa Nyeri.

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurweini, upande wa kusini wa Nyeri. Hiyo ni nchi ya miinuko na mabonde, ambako njia za vijijini huteremka hadi mitoni na kupanda tena kuelekea masoko kama Gakindu. Babake alikuwa mkulima. Shule aliipata kidogo tu, kisha mwaka wa 1939 akaelekea Nairobi, kama walivyofanya vijana wengi wa wakati wake, kutafuta riziki ambayo shamba la nyumbani halikuweza kuitoa. Alijaribu biashara ndogo ndogo, lakini hakuna iliyomwinua.

Januari 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, na hapo ndipo alipoijua bunduki.

Alipelekwa Ceylon, nchi ambayo sasa inaitwa Sri Lanka, na baadaye Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana na Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi Kalewa mwaka wa 1944, katikati ya mvua za masika, matope na malaria. Alipanda cheo hadi kuwa koplo. Silaha ya askari wa miguu ilikuwa bunduki ya Lee-Enfield, inayotumia risasi ya .303, ile ambayo ganda lake ni pana chini na hubanwa shingoni kama chupa. Zilikuja kwa masanduku, kwa malori na hata kwa ndege. Himaya ya Uingereza ilikuwa na viwanda vya kuzitengeneza usiku na mchana, na koplo kutoka Mukurweini hakuhitaji kujiuliza kesho atapata wapi nyingine.

Burma ilimpa pia mambo mengine. Alijifunza kuishi, kusafiri na kuvizia katika msitu mnene. Aliona maofisa wa Kizungu wakiogopa, wakiumwa na kufa kama watu wengine. Huko India alikutana na askari Mweusi kutoka Marekani aliyemweleza habari za Haiti na watumwa walioshika silaha wakajikomboa. Kwa kijana aliyelelewa chini ya kipande, kile kitambulisho alicholazimika kila mwanamume Mwafrika kutembea nacho, mazungumzo hayo hayakuwa porojo za kambini.

Aliporejea nyumbani baada ya vita alikuta mambo ni yale yale. Askari wa Kizungu waligawiwa mashamba kwa mpango maalum wa serikali. Wenzao Waafrika walirudi kwenye vipande vya ardhi vilivyozidi kupungua. Itote alijaribu biashara ya makaa, ikamshinda, kisha akaajiriwa na shirika la reli kama mchochezi wa moto wa garimoshi. Alijiunga na chama cha KAU, na kufikia mwaka wa 1950 alikuwa amekula kiapo. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku Mau Mau.

Aliingia msituni Agosti 1952, miezi miwili kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari usiku wa Oktoba 20. Stanley Mathenge na Dedan Kimathi walishika misitu ya Nyandarua. Itote akashika Mlima Kenya na kujiita China. Maelfu ya vijana walimfuata. Wengi hawakuwa wamewahi kushika bunduki, na hata kama wangejua kuitumia, bunduki zenyewe hazikuwapo.

Uhaba huo mara nyingi hupitwa haraka katika simulizi za vita vya Mau Mau, ilhali ndio ulioamua karibu kila kitu. Nchi jirani hazikuleta silaha. Hakuna meli iliyotia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya wapiganaji. Vita vilianza kwa panga, mikuki na simi, na bunduki chache zilizoibwa kwa walowezi na polisi. Mafundi wa msituni na wa mitaa ya Nairobi walijitahidi kuziba pengo kwa kutengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, mbao, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Baadhi zilifyatua sawasawa. Nyingine zilimlipukia aliyezishika, na wapo waliopoteza vidole au macho kwa silaha zao wenyewe. Hata hivyo, kijana aliyebeba bunduki ya bomba aliwatisha adui kwa mbali, na hilo peke yake lilikuwa na faida yake.

Risasi zilikuwa tatizo kubwa kuliko bunduki. Fundi stadi aweza kuchonga kitako na kupata bomba la kufanya mtutu. Risasi ni kitu kingine. Inahitaji ganda la shaba lililopimwa kwa usahihi, fataki, baruti na kichwa cha risasi, na vyote hivyo ni kazi ya kiwanda. Msituni hakukuwa na kiwanda. Kila iliyofyatuliwa ilikuwa imepungua katika akiba ambayo haikuwa na uhakika wa kujazwa. Aidha, silaha zilikuwa za aina nyingi: bunduki ya jeshi, bunduki ya kuwindia ya mlowezi, bastola ya ofisa. Risasi ya moja haiingii katika nyingine. Kikosi chaweza kuwa na bastola nzuri isiyo na risasi, na mfuko wa risasi zisizo na bunduki.

Zilizopatikana ziliibwa, zilinunuliwa kwa siri au zilitekwa. Wafanyakazi wa nyumbani walizichomoa moja moja kutoka kwa makabati ya waajiri wao. Wanawake wa Nairobi walizipata kwa askari walevi. Wengine walizisafirisha hadi vijijini ndani ya vikapu vya mboga, wakijua kwamba askari akiinua majani, safari imeishia kwa mnyongaji. Mara chache ulipatikana ushindi mkubwa, kama usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua mahabusu na kubeba silaha na risasi kwa lori. Mavuno ya namna hiyo hayakupatikana mara nyingi, kwani serikali iliimarisha ulinzi wa vituo vyake upesi.

China alitumia alichojifunza Burma. Aligawa watu wake katika vikosi, akaweka ngazi za uongozi, akasisitiza kumbukumbu za maandishi. Aliwategemea wanavijiji kwa chakula, habari na mahitaji mengine. Yeye aliyepigana upande wa jeshi lililomwaga risasi bila kuhesabu, sasa aliongoza jeshi ambalo mtu mmoja alifyatua na kumi wakasubiri kuokota bunduki yake akianguka.

Upande wa pili walilijua hilo. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 1953 zilifanya kupatikana na silaha au risasi kuwa kosa la kunyongwa. Mtu hakuhitaji kuonekana akimlenga mwingine. Risasi moja iliyosahaulika katika pindo la koti ilitosha. Katika kipindi chote cha hali ya hatari, Waafrika 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na mamia kati yao hawakupatikana na hatia ya kuua mtu yeyote. Historia ya himaya ya Uingereza katika karne ya 20 haina mfano wa kitanzi kutumika kwa wingi kiasi hicho.

Mnamo Januari 15, 1954, China alijeruhiwa kwa risasi kooni katika mapigano upande wa Karatina, akakamatwa. Aliyemhoji alikuwa Ian Henderson, ofisa wa upelelezi aliyekizungumza Kikuyu kwa ufasaha. Mahojiano hayo yalichukua saa 68. Kutokana nayo serikali ilipata kwa mara ya kwanza picha kamili ya jeshi la Mlima Kenya: muundo wake, viongozi wake, njia zake za kupata mahitaji na hali ya silaha zake.

Kisha ikaja kesi ya Nyeri, na hukumu ya kifo ikatolewa Februari 3.

Hakunyongwa. Serikali ilimpa nafasi ya kuwashawishi wenzake waliokuwa bado msituni wakubali kuzungumza, naye akakubali. Aliandika barua nyingi kwa viongozi wa vikosi, na mapema Machi adhabu yake ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Walowezi walighadhabika, wakiona kwamba gaidi amepewa bei badala ya kamba. Huko msituni nako wengi walimwona msaliti aliyenunua shingo yake kwa shingo za wengine.

Shutuma hiyo haiwezi kufutwa kwa neno moja. Ni kweli kwamba alieleza mengi, na kwamba maelezo yake yaliwafaa wapelelezi. Ni kweli pia kwamba alikuwa mmoja wa watu wachache sana waliojua hesabu ya vita hivyo kwa pande zote mbili, kwa kuwa alikuwa amebeba bunduki ya Mwingereza na ameongoza watu wasiokuwa na bunduki. Jemadari anayejua watu wake wamebakiwa na risasi chache kila mmoja, huku ndege za kivita zikiangusha mabomu juu ya msitu, ana sababu ya kutafuta mazungumzo hata kama kamba haiko shingoni mwake. Yake ilikuwapo, na hakuna awezaye kupima kila sababu ilikuwa na uzito gani.

Baadhi ya viongozi wa msituni waliitikia na kukutana na maofisa wa serikali. Wapiganaji wakaanza kukusanyika. Lakini mapema Aprili 1954 vikosi vya serikali vilipambana na kundi kubwa lao katika eneo la Mathira, wengi wakauawa, na waliobaki wakarudi msituni wakiamini kwamba walikuwa wametegwa. Mazungumzo yakafa hapo. Aprili 24 serikali ikaanzisha Operesheni Anvil jijini Nairobi, ikawazoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Nairobi ndiyo iliyokuwa ghala ya msitu. Baada ya msako huo, mkondo wa dawa, fedha na risasi ulikauka.

Kimathi aliendelea kupigana hadi Oktoba 21, 1956, alipopigwa risasi na kukamatwa karibu na ukingo wa msitu wa Nyandarua. Naye pia hakushtakiwa kwa kuua. Alihukumiwa mjini Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi sita bila kibali, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Sheria iliyomkosa China ikampata yeye.

Wakati huo China alikuwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, jangwani, pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Kenyatta alimfundisha Kiingereza, na wawili hao wakawa na ukaribu uliodumu. Wafungwa hawakuelewana wote. Inasimuliwa kwamba kijana Kariuki Chotara alipomvamia Kenyatta kwa kisu, China ndiye aliyemkinga.

Aliachiliwa mwaka wa 1962. Desemba 1963, bendera mpya ilipokwisha kupandishwa, wapiganaji waliokuwa wamebaki msituni walishuka hadi uwanja wa Ruringu, Nyeri, nywele zikiwa ndefu zimesokotwa, wakasalimisha silaha kwa serikali ya Kenya huru. Baadhi yao walikuwa wamekaa msituni miaka kumi na zaidi.

China alipelekwa Israel kwa mafunzo ya kijeshi, kisha mwaka wa 1964 akawa mkurugenzi msaidizi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 1984. Wengi wa waliokuwa chini yake msituni hawakupata kazi wala ardhi, na lawama hiyo nayo ilimfuata. Kitabu chake cha kumbukumbu, Mau Mau General, kilichapishwa mwaka wa 1967, kikafuatiwa na Mau Mau in Action mwaka wa 1979. Humo alijitetea, na pia aliwapa wasomaji maelezo ya ndani ya maisha ya msituni ambayo wachache wa cheo chake waliishi kuyaandika.

Alifariki Aprili 1993 huko Ol Kalou, Nyandarua, alikokuwa na shamba. Kisheria, alikufa akiwa mwanachama wa zamani wa kundi haramu. Marufuku ya mwaka wa 1950 iliondolewa mwaka wa 2003, miaka kumi baadaye. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Mkono mmoja wa sanamu hiyo umeshika bunduki.