Henry Venn: Katibu Aliyetumika kwa Kalamu

Tunapomshukuru Mungu kwa yubile ya kwaya yetu, tumeona vyema kumkumbuka mtumishi ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini kazi yake ilifika hadi Rabai.

Henry Venn alizaliwa Clapham, Uingereza, mwaka 1796. Baba yake, Kasisi John Venn, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la CMS mwaka 1799. Mwaka 1840 Henry alifiwa na mkewe Martha, akabaki na watoto watatu. Mwaka uliofuata akawa katibu wa heshima wa CMS, kazi isiyo na mshahara. Mwaka 1846 aliiacha hata parishi yake ya Holloway ili ajitoe kabisa kwa ukatibu, akautumikia hadi 1872.

Alisoma barua za wamishenari na kuzijibu, akatafuta watu wa kutumwa na fedha za kuwategemeza. Ni katika miaka hiyo Ludwig Krapf alipofika Mombasa, 1844, akamzika huko mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alimfuata 1846, wakaanzisha kituo cha Rabai.

Venn alifundisha kwamba misheni ni kama miti wanayopandia mafundi: nyumba ikiisha, miti huondolewa. Alitaka makanisa yajitegemee, yajitawale na kujieneza yenyewe. Wako wamishenari waliompinga. Hata hivyo, tarehe 29 Juni 1864, Samuel Ajayi Crowther, aliyewahi kuuzwa utumwani, aliwekwa wakfu kuwa askofu katika Kanisa Kuu la Canterbury.

Venn alilala katika Bwana Januari 1873. Baada yake wengine waligeuka nyuma. Crowther alipofariki 1891, nafasi yake ilipewa Mzungu. Lakini mbegu haikufa. Hapa kwetu, William Jones na Ishmael Semler, waliokombolewa kutoka utumwani, walitiwa mikono kuwa mashemasi mwaka 1885. Mwaka 1970 Kenya ikawa jimbo kamili, na Festo Olang' Askofu Mkuu wake wa kwanza.

Basi tusiwasahau makatibu wetu, waandikao kumbukumbu wakati sisi tunaimba. Nasi viongozi tuwalee vijana, ili siku tutakapoketi, wimbo uendelee. Bwana asifiwe!