Bwana Nyoka: Mwindaji aliyeishi na sumu Liwale na Newala

KATIKA historia ya uhifadhi kusini mwa Tanzania, ni watu wachache walioacha masimulizi mengi kama Constantine John Philip Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Ugiriki, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka.

Ionides alizaliwa mwaka 1901, akasoma katika shule ya Rugby na baadaye chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Baada ya kutumikia jeshi nchini India, aliletwa Tanganyika katika kikosi cha King's African Rifles katika miaka ya 1920. Alipoacha jeshi aligeuka mwindaji wa tembo, na kwa muda alikuwa jangili wa pembe za ndovu. Mwaka 1933 aliajiriwa na Idara ya Wanyamapori. Jangili akawa mlinzi.

Akiwa Liwale alikabiliana na tembo walioharibu mashamba na simba waliokula watu, na alikuwa mstari wa mbele kulipanua Pori la Akiba la Selous. Upanuzi huo ulikuwa na gharama yake. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya wananchi kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaachiwa wanyama.

Hata hivyo, ni nyoka waliompa umaarufu. Baada ya kustaafu alihamia Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde, ambako miembe na mikorosho huwa maficho ya mamba wa kijani, nyoka wa jamii moja na koboko. Mwananchi aliyemwona nyoka juu ya mti hakupanda kumfukuza, bali alimpelekea Ionides habari.

Naye hakukurupuka. Alitumia fimbo ndefu yenye koleo mwishoni ili mkono wake ubaki mbali, na alipomwendea swila anayetema sumu alikinga macho kwa miwani. Kwa njia hiyo alikamata maelfu ya nyoka wakiwa hai, wengi wakipelekwa kwenye bustani za wanyama na kwa watafiti.

Pamoja na uzoefu huo wote, aliumwa mara kadhaa. Hapo ndipo maisha yake yanapowagusa wananchi wa leo. Ikiwa bingwa mwenye vifaa aliumwa, mkulima asiye na viatu hana sababu ya kumchokoza nyoka kwa fimbo fupi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki dunia kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wataalamu wanashauri majeruhi atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na awahishwe hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Kumchanja kwa wembe, kunyonya sumu au kufunga kamba kwa nguvu huongeza madhara.

Ionides alifariki dunia jijini Nairobi Septemba 1968, na akazikwa ndani ya Selous, karibu na mlima Nandanga. Sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Nyoka wa Newala bado wapo mitini, na kuwapisha njia bado ndiyo kinga iliyo bora kuliko zote.