Kanali Patterson na Askari Wayahudi

Wasomaji wetu wa Tanga na Pangani, na hasa wale wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, huko Vanga na Mombasa, bila shaka wamepata kusikia habari za simba wawili wa Tsavo. Aliyewaua ni John Henry Patterson, na kwa tendo hilo jina lake lajulikana ulimwenguni kote. Walakini ni wachache wajuao ya kuwa mambo ya simba yalikuwa ya miezi tisa tu, na ya kuwa mtu huyu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea askari ambao wakubwa wengi hawakutaka kuwaheshimu, yaani askari Wayahudi. Habari hizo ndizo tupendazo kuzieleza mwezi huu.

Patterson alizaliwa mwaka 1867 katika wilaya ya Longford, nchi ya Ireland. Tangu utoto alipenda kusoma habari za Yoshua, na Gideoni, na Yuda Makabayo. Akaingia jeshini angali kijana, akatumikia Bara Hindi, akajifunza lugha ya watu wa huko. Mwezi wa Machi 1898 alishuka Mombasa ili asimamie ujenzi wa daraja la mto Tsavo. Siku zile Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza reli yao kutoka Tanga, tangu mwaka 1893, na Waingereza nao walikuwa na haraka kuifikisha yao kwenye ziwa. Simba wakawa wakiwatoa wafanyakazi hemani usiku kwa usiku, hata Desemba Patterson alipowaua wote wawili. Yeye alihesabu Wahindi 28 walioliwa. Ama Waafrika, hakuna aliyeandika hesabu yao. Wataalamu waliochunguza manyoya na mifupa ya wanyama hao walikadiria mwaka 2009 kwamba watu walioliwa walikuwa 35 hivi. Ngozi Patterson aliziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, na zipo huko hata leo.

Baadaye alipigana Afrika Kusini, akapewa nishani. Akarudi kwetu Mashariki mwaka 1907 kuwa bwana nyama katika nchi iitwayo sasa Kenya. Katika safari moja Mwingereza mwenziwe alikufa kwa risasi, yakazuka maneno mengi, na ingawa hakushitakiwa, aliiacha kazi ile. Hatukupenda kulificha jambo hili, maana habari ya mtu haielezwi nusu.

Sasa twafika kwenye vita vya mwaka 1914. Wazee wetu wa Tanga walivijua vita hivyo mapema, maana mwanzo wa Novemba mwaka ule Waingereza walishusha askari wa Kihindi pwani yetu, wakashindwa vibaya, wakarudi merikebuni. Mwezi uliofuata, mbali sana na hapa, Waturuki waliwafukuza Wayahudi wengi kutoka Yafa, kwa sababu walikuwa raia wa Urusi. Maelfu walikimbilia Iskanderia katika Misri. Humo kambini walikuwamo watu wawili wenye ari: Vladimir Jabotinsky, mwandishi wa magazeti, na Joseph Trumpeldor, aliyepoteza mkono wake wa kushoto akiipigania Urusi huko Port Arthur. Hao waliomba Wayahudi waundiwe kikosi, waende kuipigania nchi ya baba zao.

Jemadari wa Waingereza hakukubali. Aliwapa kazi ya kuchunga nyumbu, wale wazaliwao na punda na farasi, na kuwapakia maji na risasi. Jabotinsky aliona ni aibu, akaondoka. Trumpeldor alikubali, na watu kama 650 wakajiandikisha. Mkubwa wao akawa Patterson.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Sisi wa nchi hii twajua jinsi mpagazi anavyosahauliwa vitani. Katika vita vile vile watu wetu wengi mno walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, wakafa kwa njaa na kuhara na homa; na ukumbusho wao ulio mkubwa kupita wote labda ni jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, litamkwalo kila siku na watu wasiojua maana yake. Wayahudi wale nao walipelekwa Gallipoli mwezi wa Aprili 1915. Wakapanda na nyumbu wao usiku mpaka kwenye mahandaki, mizinga ikinguruma, wala hawakuwa na pa kujificha, kwani nyumbu halali chini akiona kombora. Patterson aliyaona hayo kwa macho yake. Alipougua na kurudishwa, aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1916, ili watu wa Uingereza wajue kwamba hao wachunga nyumbu walikuwa askari kweli kweli.

Kikosi kile kilivunjwa. Lakini Jabotinsky hakuchoka kuomba, na mwaka 1917 serikali ilikubali kuunda kikosi cha Wayahudi cha kubeba bunduki, nambari 38 katika Royal Fusiliers. Patterson akapewa kukiongoza. Upinzani ulikuwa mwingi, hata kwa Wayahudi wengine wakubwa wa Uingereza, walioogopa kuonekana wageni. Jina la Kiyahudi walilokuwa wameahidiwa likaondolewa. Patterson alishikilia askari wake wale chakula kilicho halali kwa sheria yao na wapumzike Sabato, akawa tayari kujiuzulu kuliko kuliacha neno hilo. Februari 1918 walipita katika mitaa ya London na singe juu ya bunduki, na watu wakawashangilia.

Majira ya joto waliwekwa katika bonde la Yordani, karibu na Yeriko, mahali penye joto kali na mbu. Wengi sana waliugua malaria. Hata hivyo Septemba walivitwaa vivuko vya Yordani, jeshi likavuka. Vita vilipokwisha, Patterson aliandika barua baada ya barua akilalamika kwamba askari wake wanadharauliwa na kunyimwa sifa yao. Wakubwa hawakumpenda kwa hayo. Aliingia vitani akiwa luteni kanali, akatoka mwaka 1920 na cheo kile kile. Hata hivyo askari wake walikwisha kupata jina lao, na alama ya kinara cha taa saba.

Hakunyamaza. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha pili, na katika vita vya Hitler, akiwa mzee, alizunguka Amerika akitaka Wayahudi wapewe jeshi lao. Brigedi ya Kiyahudi iliundwa mwaka 1944. Rafiki yake mmoja, Benzion Netanyahu, alimpa mwanawe wa kwanza jina la Yonatani kwa heshima yake. Na huyo Yonatani, akiwa askari, aliuawa Entebbe katika Uganda tarehe 4 Julai 1976.

Patterson alikufa California mwezi wa Juni 1947, katika nyumba ya rafiki, na mkewe akamfuata baada ya majuma machache. Alikuwa ametamani kulala karibu na askari wake. Desemba 2014 majivu yao wote wawili yalizikwa Avihayil katika Israeli, kijiji kilichojengwa na askari wa vikosi vile.